FTP, FTPS, SFTP au rsync: njia ipi ya kupeleka faili kwenye seva ukiwa Lamu

Kwa mwenye haraka: weka SFTP, kila mtu na akaunti yake iliyofungiwa ndani ya folda moja, na aingie kwa ufunguo (faili ya siri iliyo kwenye kompyuta yake) badala ya nywila. Kama una mzigo mkubwa wa kupandisha kila siku, ongeza rsync, programu inayotuma kilichobadilika tu, juu ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mawasiliano yaliyofichwa). FTPS iache mpaka siku utakapokutana na mtu au mashine isiyojua lingine. FTP tupu, isiyoficha chochote, isitoke nje ya ofisi.

Jibu hilo lina masharti yake, na masharti yenyewe hayako kwenye seva. Seva inakaa Nairobi au Ulaya, penye stima na mtandao wa uhakika, na karibu kila seva ya Linux inaweza kubeba njia zote nne kwa wakati mmoja. Anayesumbuka ni anayetuma: yuko Mkomani au Shela, laini inapanda na kushuka, laptopu ni ya ofisi na haruhusiwi kuweka programu mpya, au anayetuma si mtu kabisa bali ni skana. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia hizi, waangalie watumaji wako.

Anayetuma ni nani?

Hapa kwetu ninaowaona ni wa aina tatu. Kuna nyumba za wageni zinazopeleka picha kwenye tovuti zao na kuhifadhi nakala za pasipoti za wageni. Kuna wanaoskani vitabu na hati za zamani. Amu, yaani Lamu, ni mji wa hati, na zile za Msikiti wa Riyadha zilikwisha kupigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, lakini majumbani bado zimo nyingi. Halafu kuna mashine: kamera za ulinzi, skana, na zile printa kubwa za kufanya kila kitu.

Wa kwanza anatuma kidogo kidogo na hana shida na njia yoyote iliyo salama. Wa pili ndiye anayeitia seva majaribuni. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, bila kubanwa, unatoa faili ya TIFF ya karibu MB 104. Hesabu yake ni nukta 4,961 kwa 7,016, kila nukta baiti 3. Kitabu cha kurasa 200 kinafika GB 21. Kwa laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde bila kupumua, hiyo ni kazi ya saa 23 na ushee, na laini isiyopumua saa 23 mimi hapa sijaiona. Ukishuka hadi nukta 300 ukubwa unabaki robo, na kwa matumizi mengi inatosha, ila wanaohifadhi hati kwa ajili ya watafiti hawatakubali. Ikiwa ni maktaba nzima, diski ya nje ikipanda boti ya Mokowe kisha basi itafika Nairobi kabla ya mtandao wako kumaliza kitabu cha tatu. Peleka mzigo wa kwanza hivyo, kisha mtandao ubebe nyongeza za kila siku.

Kwa mtumaji kama huyu, kasi ya njia si hoja kubwa. Hoja ni kwamba laini itakatika, na ikikatika, kazi inaanzia wapi?

FTP tupu

Kanuni za kwanza za FTP ziliandikwa na Abhay Bhushan wa MIT mwaka 1971. Zinazofuatwa hadi leo, RFC 959, ni za Oktoba 1985. Mtandao wa wakati huo ulikuwa wa watu wanaojuana, ndiyo maana jina na nywila vinapita bila kufichwa chochote. Ukiingia kwenye seva yako kwa FTP kutoka Wi-Fi ya wazi ya mkahawa, aliye kwenye mtandao huo huo na programu ya kunasa mawasiliano anaisoma nywila yako herufi kwa herufi. Mwaka 2021 Chrome na Firefox zote mbili ziliiondoa FTP.

Kasoro ya pili haisemwi sana, na kwa laini zetu inauma zaidi. FTP hutumia miunganisho miwili: mmoja wa maagizo kwenye mlango (namba ya kuingilia seva) 21, mwingine wa data kwenye mlango unaochaguliwa hapo hapo. Faili kubwa ikiwa inapanda kwa dakika arobaini, muunganisho wa maagizo unakaa kimya muda wote huo. Ruta ya njiani ikiona kimya inadhani mazungumzo yamekwisha, inaukata. Faili inafika yote, lakini programu yako haipati jibu la kwamba imefika, inakaa ikisubiri, mwishowe inatangaza imeshindwa na kuanza upya. Umelipia bando mara mbili kwa faili moja.

Ina sifa yake hata hivyo. Karibu kila skana, kamera na printa ya ofisi inaijua, na inaanza kufanya kazi kwa dakika chache. Ndani ya ofisi, kwenye mtandao wako mwenyewe usiofika kwa wageni, itumie bila wasiwasi mwingi.

FTPS na SFTP: majina pacha, damu tofauti

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na wauzaji wa nafasi za tovuti hawasaidii, kwa kuwa wengine huandika moja wakimaanisha nyingine. FTPS ni FTP ile ile iliyovikwa TLS, kinga inayotumika kwenye tovuti za https. SFTP haina undugu na FTP. Ni sehemu ya SSH, ambayo Tatu Ylönen aliibuni Ufini mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na mtu aliyekuwa akinasa nywila. Zote mbili husimba kwa njia fiche, nywila haisomeki njiani. Kwa usalama wa njiani tu, usipoteze usingizi ukizipambanisha.

Tofauti iko kwenye kuziweka na kuzitunza. FTPS ilirithi ile miunganisho miwili, na usimbaji umeifanya iwe ngumu zaidi: fayawoli iliyokuwa ikisoma maagizo ya FTP ili ijue mlango gani ufunguliwe, sasa haioni kitu. Inabidi wewe mwenyewe utenge milango, kwa mfano 40000 hadi 40100, uiandike kwenye vsftpd (programu ya seva ya FTP) kwa `pasv_min_port` na `pasv_max_port`, uifungue yote kwenye fayawoli ya seva, na kama seva iko nyuma ya ruta, uitaje anwani ya nje kwa `pasv_address`. Ukisahau kimoja, mtumaji anaingia vizuri kabisa, nywila inakubaliwa, kisha orodha ya folda haiji. Ukiona dalili hiyo, anza kukagua milango. Juu ya hayo kuna cheti: kikitoka Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, kinaisha ndani ya siku zisizozidi 90, na kikijisasisha lazima huduma ya FTP iambiwe ikisome upya, la sivyo itaendelea kuonyesha kile cha zamani mpaka watumaji wagomewe.

SFTP inapita mlango mmoja, 22, ambao tayari uko wazi kwa sababu wewe mwenyewe unaingia kwenye seva kwa huo. Hakuna cheti cha kuisha. Kwenye seva nyingi za Linux imeshawekwa, kwa kuwa imo ndani ya OpenSSH, programu ya SSH inayotumika humo. Kinachobaki ni kuwazuia watumaji wasizurure, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu akaunti ya SSH isiyozuiwa inampa mtu seva nzima ya kutembelea. Mgeni wa kawaida katika nyumba ya Kiamu hupokelewa dakani, akazungumza, akaacha alicholeta, akaondoka bila kuona ndani; akaunti ya mtumaji iwe hivyo. Tengeneza kundi, tuseme `watumaji`, kisha mwisho wa `/etc/ssh/sshd_config` uandike:

```
Match Group watumaji
    ChrootDirectory /srv/mapokezi/%u
    ForceCommand internal-sftp -u 0027
    PasswordAuthentication no
    AllowTcpForwarding no
    X11Forwarding no
```

Folda ya `/srv/mapokezi/fulani` lazima imilikiwe na root (akaunti ya msimamizi mkuu wa seva), na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuandika ndani yake. Ukimpa mtumaji umiliki wa folda hiyo, jambo ambalo kila mtu angedhani ni la kawaida, SSH inakataa. Yeye ataona muunganisho umekatika bila maelezo. Maelezo yako kwenye kumbukumbu za seva:

```
fatal: bad ownership or modes for chroot directory "/srv/mapokezi/fulani"
```

Dawa ni kuiacha folda ya juu kwa root, kisha ndani yake utengeneze nyingine, kwa mfano `weka-hapa`, hiyo ndiyo umpe. Kagua pia folda zote za juu yake, `/srv` na `/srv/mapokezi`, maana sharti hilo linapanda mpaka mwanzo wa njia. Kabla ya kuwasha upya, jaribu mipangilio kwa `sshd -t`, na usiufunge ule muunganisho wako wa SSH ulio wazi mpaka umefungua mwingine ukaona unaingia. Seva ikiwa Frankfurt na wewe uko Langoni, kosa la herufi moja linaweza kukufungia nje.

Funguo nazo zina faida ambayo nywila haina. Kila mtu anatengeneza wake kwa `ssh-keygen -t ed25519`, anakuletea ule wa hadharani tu, unauweka kwenye `authorized_keys`, faili ya funguo zinazokubaliwa, ya akaunti yake. Kijana wa ofisi akipata kazi Malindi, unafuta mstari mmoja, na hakuna mwingine anayesumbuliwa. Kwenye ofisi yenye nywila moja ya FTP inayojulikana na watu sita, kuondoka kwa mmoja kunamaanisha kubadilisha kwa wote, na ndiyo maana hakuna anayebadilisha.

Kwa upande wa mtumaji hakuna mshindi. FileZilla inazungumza FTP, FTPS na SFTP, na WinSCP kadhalika. Zote mbili zinaweza kuendeleza faili iliyokatika. WinSCP ikituma faili kubwa kwa SFTP huipa jina la muda linaloishia na `.filepart` mpaka ikamilike, kwa hiyo anayepokea upande wa pili hachukui faili nusu akidhani ni nzima. Anayependa kuandika amri ana `put -a` ndani ya `sftp`. Jihadhari nayo: inaamini kwamba nusu iliyokwisha kufika ni sawa na nusu iliyo kwako, na haihakikishi.

Basi FTPS inamfaa nani? Mwenye tovuti kwenye hostingi ya bei nafuu isiyotoa SSH, na mwenye kifaa kilichoandikwa FTPS lakini si SFTP. Hao hawana la kuchagua, na FTPS iliyowekwa sawa haina aibu. Hakikisha tu seva inakataa kabisa kuingia bila TLS. Ile ya hiari, inayomruhusu mtumaji kupita wazi programu yake ikishindwa, ni sawa na FTP tupu.

rsync, kwa wenye mizigo

rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na hadi leo sijui kinachoishinda kwenye laini mbovu. Inalinganisha pande mbili na kutuma kilichobadilika tu. Ukiipa `--partial`, inaitunza nusu iliyofika, na ikirudi inalinganisha vipande badala ya kuamini tu. Faili ndogo elfu kadhaa, ambazo SFTP huzishughulikia moja moja kwa kubishana na seva kila mara, rsync hukimbia nazo mfululizo. Na `--bwlimit=150` inaibana isizidi kilobaiti 150 hivi kwa sekunde, ili wenzako ofisini nao wapate kupiga simu ya video.

Amri ninayopenda ni hii:

```
rsync -a --partial --bwlimit=150 /data/skani/ hati@seva:kitabu/
```

Iweke kwenye cron (ratiba ya kazi za kompyuta) ya usiku, na uitangulizie `flock` ili ya leo isianze ile ya jana ikiwa bado inahangaika. Usiongeze `--delete` kwenye kazi ya kupeleka hati, hata ukishauriwa. Folda ya ofisini ikifutwa kwa bahati mbaya, asubuhi utakuta na ya seva imefuatana nayo.

Wengi hugundua jambo hili wakiwa wamechelewa: akaunti uliyoifungia kwa `internal-sftp` haiwezi kupokea rsync. rsync inataka kuendesha programu yake upande wa seva, na sisi tumemwambia SSH asiruhusu chochote isipokuwa SFTP. (scp ya OpenSSH 9.0 na kuendelea itakubali, maana tangu 2022 hiyo nayo inapita kwa SFTP.) Kwa rsync tengeneza akaunti ya pili, na kwenye `authorized_keys` yake utangulize `command="rrsync -wo /srv/hati"` mbele ya ufunguo. rrsync inakuja na rsync yenyewe. Inaufungia ufunguo huo kwenye folda moja, na `-wo` inaruhusu kuandika tu bila kusoma. Laptopu ikiibwa kwenye boti, mwizi hawezi hata kuona kilichomo.

Udhaifu wa rsync ni sura yake. Haina madirisha ya kubofya, na kwenye Windows inataka kuzungushwa zungushwa. Maalim mmoja anayeskani vitabu vya babu zake aliniambia, "Mwanangu, miye nataka folda tu. Nikiweka, iende." "Utapata folda, maalim," nikamjibu, na kwa kweli hicho ndicho kipimo kizuri cha mfumo wote. Skana yake inatupa picha kwa FTP kwenye kikompyuta kidogo kilicho chumba kile kile, na usiku kikompyuta kinazipandisha kwa rsync. FTP haitoki nje ya kuta za nyumba, rsync haimwoni mtu, na maalim haoni chochote kati ya hivyo viwili.

Seva ikae wapi?

Kuna wanaotaka seva iwe hapa hapa ofisini. Angalia kwanza anwani ya nje ya ruta yako. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnashirikiana anwani moja na wateja wengine wa kampuni yako ya mtandao, na hakuna wa nje atakayekufikia, uwe na FTP au SFTP. Intaneti ya simu kwa kawaida iko hivyo, na ya setilaiti kwa majumba pia. Utaomba anwani ya peke yako kwa malipo, au utatumia WireGuard, njia ya faragha ya mtandao, kupitia mashine iliyo nje. Ongeza stima inayokatika na hewa ya chumvi inayokula vyuma vya kompyuta, na seva ya kukodi inaanza kuonekana rahisi.

Ya Nairobi au ya Ulaya? Kwa kupakia faili chache hutaona tofauti kubwa, ila Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota, njia ya kufika seva zilizo ndani ya nchi haikulazimika kupita baharini. Kwa nakala za pasipoti na taarifa nyingine za watu, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezitunza aweke kinga inayofaa. Kuzituma kwa FTP tupu ni kinga ambayo hutaweza kuitetea mbele ya yeyote.

Mtumaji mwenye simu peke yake, bila laptopu, usimtese na lolote kati ya haya manne. Mwekee Nextcloud, hifadhi ya faili inayokaa kwenye seva yako, apakie kwa programu yake. Hata WhatsApp inafaa kwa picha mbili tatu, mradi azitume kama hati. Akizituma kama picha zinabanwa.

Ukiwa unahama kutoka FTP

Usiizime siku moja. Washa SFTP pembeni, wahamishe watu mmoja mmoja, na uwe unapitia `/var/log/vsftpd.log` kutafuta mistari ya `OK LOGIN`. Humo ndimo hujitokeza wale ambao hakuna aliyewakumbuka: kamera ya mlango wa nyuma, au programu ya uhasibu ambayo aliyeiweka alishahama. Kifaa kisichojua SFTP kielekeze kwenye kikompyuta cha ndani kama cha maalim. Zikipita wiki mbili bila `OK LOGIN` hata moja, zima huduma, ufunge mlango 21 na ile milango ya data kwenye fayawoli, kisha ubadilishe nywila zote zilizowahi kupita humo, pamoja na za barua pepe kama watu walitumia ile ile.